Viendeshi vya Kifaa: Mfano wa Gemu na Kadi ya Grafiki kwenye Linux

Utangulizi

Katika mada ya programu za kompyuta, swali la kiendeshi huonekana dogo, lakini ndilo linalowapotezea alama watahiniwa wengi. Nimesahihisha majaribio kwa miaka kadhaa sasa, na jibu ninalokutana nalo mara kwa mara ni hili: "Kiendeshi ni kifaa kinachoendesha kompyuta." Jibu hilo halipati alama hata moja, kwa kuwa kiendeshi si kifaa bali ni programu.

Sehemu hii inaeleza kiendeshi kwa mfano ambao wengi wenu mnaupenda, yaani gemu. Tutatumia mfumo endeshi wa Linux, kwa sababu huko mtu anaweza kuona waziwazi nini hutokea kiendeshi kinapokuwa kizuri, kibaya au kinapokosekana kabisa.

Baada ya kusoma sehemu hii utaweza:

(a) kueleza maana na kazi ya kiendeshi;
(b) kutaja hatua ambazo picha ya gemu hupitia hadi kufika kwenye skrini;
(c) kutofautisha tatizo la kiendeshi na tatizo la programu iliyotengenezwa kwa mfumo endeshi mwingine;
(d) kulinganisha kiendeshi huria na kiendeshi kilichofungwa.

Kisa cha maabara

Shule niliyokuwa nikifundisha ilipokea kompyuta zilizokwisha kutumika, nasi tukasakinisha Linux. Moja kati ya hizo ilikuwa nzito mno. Ukiburuta dirisha, linakufuata baadaye. Ukifungua video, inakwamakwama. Niliandika neno "Mbovu" kwenye karatasi, nikaibandika na kuiweka kompyuta pembeni. Ilikaa hapo muhula mzima, huku wanafunzi wakikaa watatu watatu kwenye kompyuta moja.

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, uliangalia draiva yake?" Sikuwa nimeangalia. Tulipoangalia tukakuta kadi ya grafiki haina kiendeshi kinachoifaa, kwa hiyo kichakataji kilikuwa kikichora kila kitu chenyewe. Tulisakinisha kiendeshi, tukaiwasha upya, na kabla ya kipindi kwisha watoto walikuwa wakiitumia. Maunzi yalikuwa mazima muda wote. Kilichokosekana ni programu, na kosa lilikuwa langu.

1. Safari ya picha kutoka kwenye gemu hadi kwenye skrini

Tuanze na hesabu. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani pikseli 2,073,600. Gemu inayokwenda vizuri huchora picha, au fremu, 60 kwa sekunde. Kwa hiyo:

2,073,600 × 60 = 124,416,000

Hizo ni zaidi ya pikseli milioni 124 za kupakwa rangi kila sekunde, na kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 tu za kukamilika. Kichakataji cha kawaida hufanya kazi za aina nyingi, lakini hakikuundwa kwa kazi moja inayorudiwa mamilioni ya mara kwa wakati mmoja. Chipu ya grafiki imeundwa kwa ajili hiyo, maana ina vitengo vingi vidogo vinavyofanya kazi kwa pamoja.

Picha hupitia hatua nne:

Hatua ya 1: Gemu hutoa amri. Gemu haizungumzi na kadi moja kwa moja. Hutumia lugha ya grafiki inayokubalika na wengi, kama vile Direct3D ya Microsoft, OpenGL, au Vulkan iliyotolewa mwaka 2016.

Hatua ya 2: Sehemu ya kwanza ya kiendeshi, iliyo nje ya kerneli, hutafsiri amri hizo kuwa maagizo yanayoeleweka na chipu husika. Kwenye Linux, viendeshi vingi huria vya hatua hii vimekusanywa katika mradi uitwao Mesa.

Hatua ya 3: Sehemu ya pili ya kiendeshi, iliyo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), hugawa kumbukumbu ya kadi, hupanga foleni ya maagizo na kuyapeleka kwenye kadi.

Hatua ya 4: Kadi huchora fremu na kuituma kwenye skrini.

Fikiria mkalimani kati ya watu wawili wasioelewana lugha. Akiwa hodari, mazungumzo hutiririka. Akiwa anababaisha, ujumbe hufika nusu. Asipokuwepo, hakuna kinachoendelea hata kama wote wawili wana akili nyingi. Ndivyo ilivyo kati ya mfumo endeshi na maunzi.

Kiendeshi kikikosekana, Linux hujaribu kuokoa hali kwa kumpa kichakataji kazi ya kuchora. Mesa ina sehemu iitwayo llvmpipe inayofanya hivyo. Skrini itawaka na utaweza kuandika barua, lakini gemu nyingi hazitachezeka. Hiki ndicho kilichotokea kwenye maabara yetu.

2. Tatizo la kwanza: gemu iliandikwa kwa ajili ya Windows

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Ilienea sana kwenye seva, lakini watengenezaji wa gemu waliendelea kuandika kwa ajili ya Windows, ambako ndiko waliko wanunuzi wengi. Gemu ya Windows hutoa amri za Direct3D, na Linux haina Direct3D. Hapa kiendeshi kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado gemu isifunguke.

Suluhisho lilikuja kwa hatua. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Wine, ambao hupokea maombi ya programu za Windows na kuyajibu kwa njia ya Linux. Baadaye ikaja DXVK, programu inayogeuza amri za Direct3D kuwa amri za Vulkan. Mwezi Agosti 2018 kampuni ya Valve, yenye duka la gemu la Steam, iliunganisha Wine, DXVK na nyongeza nyingine ikatoa Proton. Tangu hapo mchezaji hubonyeza kitufe tu, na gemu nyingi za Windows hufunguka kwenye Linux. Mwaka 2022 Valve ilianza kuuza Steam Deck, kifaa cha kushika mkononi kinachotumia Linux na chipu ya AMD.

Zingatia: Proton si kiendeshi. Inafanya kazi juu ya kiendeshi. Ikitafsiri vizuri kwenda Vulkan lakini kiendeshi cha Vulkan kikawa kibovu, gemu bado itakwama.

3. Tatizo la pili: kiendeshi chenyewe

Ili kuandika kiendeshi, lazima ujue chipu inavyofanya kazi ndani. Maarifa hayo yako mikononi mwa kampuni iliyoitengeneza. Kwa hiyo hali ya kadi kwenye Linux hutegemea sana uamuzi wa kampuni husika.

*Intel.* Wahandisi wake wenyewe huandika viendeshi huria kwa ajili ya kerneli na Mesa. Ukisakinisha Linux, kwa kawaida kiendeshi kinakuwemo tayari. Chipu nyingi za Intel zilizo kwenye kompyuta za ofisini hazina nguvu ya kuendesha gemu kubwa, lakini hazisumbui.

*AMD.* Baada ya kuinunua kampuni ya ATI mwaka 2006, AMD ilitangaza mwaka 2007 kwamba itatoa maelezo ya kiufundi ya kadi zake. Kiendeshi chake cha amdgpu kiliingia kwenye kerneli mwaka 2015. Mwaka 2016 watu ambao hawakuwa waajiriwa wa AMD walianza kuandika RADV, kiendeshi cha Vulkan ambacho leo kinategemewa na wachezaji wengi wa Linux, pamoja na watumiaji wa Steam Deck. Hiyo ndiyo faida ya kufungua maarifa: mtu wa nje aliweza kuongeza kitu ambacho mwenye mali hakukitarajia.

*NVIDIA.* Kwa miaka mingi ilitoa kiendeshi chenye kasi nzuri, lakini msimbo chanzo wake ulifungwa. Watu wa kujitolea walichunguza kadi kutoka nje na kuandika kiendeshi huria cha Nouveau, kilichoingia kwenye kerneli mwaka 2010. Kikwazo kikubwa kilikuwa kwamba kadi nyingi zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2014 hudai programu dhibiti yenye sahihi ya kampuni. Bila hiyo, Nouveau haikuweza kuipandisha kadi kwenye kasi yake kamili. Mwezi Mei 2022 NVIDIA ilitoa msimbo wa sehemu ya kerneli kwa kadi za kizazi cha Turing, kilichoanza 2018, na vizazi vilivyofuata. Sehemu iliyo nje ya kerneli bado imefungwa, ingawa kiendeshi huria cha Vulkan kiitwacho NVK kinaendelea kukua ndani ya Mesa.

Kiendeshi kilichofungwa kina usumbufu mmoja wa kukumbuka. Kerneli ya Linux hubadilika mara kwa mara. Kiendeshi huria kilicho ndani yake husasishwa pamoja nayo. Kilicho nje lazima kijengwe upya kila kerneli inapobadilika, na kisipojengwa sawasawa, mtumiaji anaweza kuwasha kompyuta akaona skrini nyeusi.

4. Tatizo lisilotatuliwa na kiendeshi

Baadhi ya gemu za mtandaoni huja na programu ya kuzuia udanganyifu inayotaka kuchunguza ndani kabisa ya Windows. Hata ukiwa na kiendeshi bora na Proton mpya, gemu hizo hukataa. Valorant, kwa mfano, haichezeki kwenye Linux. Apex Legends ilikuwa ikichezeka, kisha watengenezaji wake wakaifunga kwa watumiaji wa Linux mwaka 2024. Huo ni uamuzi wa mwenye gemu.

5. Kwa nini haya yanakuhusu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Shule, ofisi na familia zitalazimika kuamua: zitupwe au ziwekewe mfumo mwingine? Anayejua kuangalia kiendeshi anaweza kuokoa kompyuta. Kwenye Linux, fungua dirisha la amri uandike lspci -k. Utaona orodha ya vifaa na, chini ya kila kimoja, kiendeshi kinachotumika. Kadi ya grafiki isiyo na jina la kiendeshi chini yake inakupa pa kuanzia.

Makosa ya kuepuka katika mtihani

1. Kusema kiendeshi ni kifaa. Ni programu ya mfumo.
2. Kuweka kiendeshi katika kundi la programu tumizi. Gemu ni programu tumizi. Kiendeshi si programu tumizi.
3. Kudhani kiendeshi kimoja hufaa kila kifaa na kila mfumo endeshi. Kiendeshi cha Windows hakifanyi kazi kwenye Linux.
4. Kutaja bila kueleza pale swali linaposema "eleza".

Swali la mfano

Juma amesakinisha Linux kwenye kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki. Video zinakwamakwama na kila gemu inakwenda polepole. Asha ana kompyuta ya aina hiyohiyo. Gemu zake zote zinakwenda vizuri isipokuwa moja ya mtandaoni inayokataa kufunguka. Eleza chanzo kinachoelekea kuwa cha kila tatizo. (Alama 4)

Mwongozo wa jibu

Tatizo la Juma linaelekea kuwa la kiendeshi (alama 1), kwa sababu kila kitu kinachohitaji grafiki kimeathirika ingawa maunzi ni mazuri. Huenda kichakataji ndicho kinachochora (alama 1). Tatizo la Asha linaelekea kuwa la gemu yenyewe, kama vile programu ya kuzuia udanganyifu isiyokubali Linux (alama 1), kwa sababu gemu nyingine zinathibitisha kwamba kiendeshi kinafanya kazi (alama 1).

Maswali ya kujipima

1. Eleza maana ya kiendeshi na utaje kazi zake mbili. (Alama 4)
2. Taja kwa mpangilio hatua nne za safari ya picha ya gemu. (Alama 4)
3. Skrini ina pikseli 1280 kwa 720 na gemu inachora fremu 30 kwa sekunde. Kokotoa idadi ya pikseli zinazochorwa kwa sekunde. (Alama 2)
4. Toa tofauti mbili kati ya kiendeshi huria na kiendeshi kilichofungwa. (Alama 4)
5. "Proton ni kiendeshi cha grafiki." Je, kauli hii ni kweli? Toa sababu. (Alama 2)

Jibu la swali la 3: 1280 × 720 × 30 = 27,648,000. Ukipata tofauti, rudia hesabu kabla ya kuendelea na sehemu inayofuata.