Tundu Jipya la Hereni

Tundu la hereni au kipini ni kidonda kilichofanywa kwa makusudi, tena kidonda chenye kitu kilichoachwa ndani yake. Mwili hauwezi kukiziba kwa kuwa chuma kimekaa njiani, hivyo huotesha ngozi mpya kukizunguka. Ngozi hiyo huanzia kwenye ncha mbili za tundu na kusogea katikati polepole, mpaka ikutane na kuwa mfereji mwembamba. Ndiyo maana tundu huonekana limepona kwa nje muda mrefu kabla halijapona ndani, na makosa mengi ya utunzaji hutokana na kuuamini huo uzima wa nje.

Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Msimbati hadi mdomo wa mto Ruvuma, kutoboa mwili si jambo la jana. Wanawake wa Kimakonde walivaa ndonya, kibao cha duara kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu, ambacho leo huonekana zaidi kwenye vinyago kuliko usoni mwa watu. Msafiri Mskoti David Livingstone, aliyeingia Ruvuma mwaka 1861 na tena 1862, aliandika juu ya pambo la namna hiyohiyo, pelele ya wanawake wa Kimang'anja wa bonde la mto Shire. Binti alitobolewa mdomo, kijiti chembamba kikatiwa ili tundu lisizibe, na kidonda kilipokwisha kupona ndipo kilipofuata kijiti kinene zaidi, kisha kingine, kwa miezi na miaka. Waliofanya hivyo walijua kwamba pambo lenyewe husubiri kidonda.

Masikio nayo yalitogwa nyumbani kwa sindano na uzi, na tundu likashikiliwa kwa kipande cha chelewa kilichochomolewa kwenye ufagio. Chelewa hunyonya majimaji, huficha vijidudu na hakisafishiki sawasawa, kwa hiyo sifa yake pekee ni kwamba hakinunuliwi. Kinachofaa ni sindano mpya inayotumika mara moja na kutupwa, na kipini cha madini yasiyosumbua mwili: titani, dhahabu ya karati 14 au zaidi isiyo na nikeli, au chuma cha pua cha daraja la kitabibu (pua ya madini hii, si ya usoni). Hereni za bei rahisi mara nyingi zina nikeli, na mwili wa baadhi ya watu huikataa kwa muwasho na vipele ambavyo mwenyewe hudhani ni uchafu. Sindano ya kuchangia inaweza kuambukiza homa ya ini B na virusi vya UKIMWI, na chombo kichafu huleta pepopunda kwa asiye na chanjo.

Muda wa kupona hutegemea mahali. Ncha laini ya sikio huchukua wiki 6 hadi 8, pua miezi kadhaa, na kitovu miezi 6 hadi mwaka, kwa kuwa hukunjwa na kusuguliwa na nguo kutwa. Sehemu ya juu ya sikio ni gegedu, ambalo halina mishipa yake ya damu na hulishwa na ngozi inayolifunika. Hupona taratibu, pengine mwaka mzima, na likiingiwa na vijidudu ulinzi wa mwili hulifikia kwa shida.

Usafishaji ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Mikono huoshwa kwa sabuni kwanza. Kisha tundu husafishwa mara moja au mbili kwa siku kwa maji ya chumvi ya duka la dawa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, au kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa robo kijiko cha chai cha chumvi safi kwa kikombe. Kigaga hulainishwa kwa maji hayo, hakibanduliwi kwa kucha. Spiriti, majivu na dawa ya meno huunguza au kuchafua ngozi inayoota. Ushauri wa zamani wa kuzungusha hereni kila asubuhi umeachwa, kwa sababu kila mzunguko huchana kile kilichoota usiku.

Bahari ina chumvi, lakini si dawa. Maji yake yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, karibu mara nne ya kipimo kinachofaa, pamoja na mchanga na vijidudu, na maji ya mikoko ya Ruvuma yana tope juu ya hayo. Anayechokoa pweza au kuvua kwenye maji mafupi ni heri atoge wakati ambao anaweza kukaa nchi kavu. Mtwara ina jambo jingine pia: mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na mikono inayobangua haipaswi kugusa tundu. Vumbi la salfa ya mikorosho nalo huwasha kidonda kibichi.

Ushungi na mtandio hunasa hereni, hivyo huvuliwa taratibu, na kulalia upande uliotogwa huepukwa.

Wekundu kidogo, uvimbe na majimaji meupe yanayokauka ni kawaida siku za mwanzo. Usaha wa njano au kijani, joto, maumivu yanayozidi na homa si kawaida, na mtu hupaswa kufika zahanati au kituo cha afya. Hereni isitolewe nyumbani, kwani tundu huweza kuziba likafungia usaha ndani. Gegedu likivimba na kuuma, hospitali ni siku hiyohiyo, maana sikio huweza kupoteza umbo lake.

Kovu linaloota na kupita mipaka ya jeraha huitwa keloidi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na hufuata ukoo, hivyo mwenye kovu la namna hiyo, au ambaye mzazi wake analo, afikiri mara mbili kabla ya kutoga.

Hereni ya kwanza hubadilishwa baada ya muda wa kupona kutimia. Hata hapo, tundu la pua lililoachwa tupu linaweza kujifunga kwa siku chache tu, tofauti na mdomo uliozoea ndonya miaka mingi, ambao hubaki wazi hata kibao kikivuliwa.