Baiskeli, Mchanga na Maji: Kutoka Somanda hadi Pwani ya Unguja

Mtu aliyekulia Somanda, mjini Bariadi, hufundishwa tabia za udongo na baiskeli. Kwenye miinuko, penye udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, gurudumu huzama wakati wa kiangazi na mpandaji hulazimika kushuka na kuukokota mzigo wake. Mabondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, mambo huwa kinyume. Kiangazi njia ni ngumu kama sakafu, lakini mvua zikinyesha udongo hunata magurudumuni, hujaza madigadi, na mwisho baiskeli humpanda mwenyewe begani. Maji, basi, ni rafiki wa njia ya mchanga na adui wa njia ya mfinyanzi. Kwa nini iwe hivyo?

Jibu la swali hili laweza kupatikana Bariadi, lakini huonekana waziwazi zaidi pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja. Huko, kati ya vijiji vya Jambiani, Paje na Bwejuu, maji yakipwa bahari huacha utandu mpana wa mchanga mweupe, nao wenyeji huutumia kama barabara. Mtu hupanda baiskeli taratibu, bahari upande mmoja na minazi upande wa pili, kwa mwendo wa yapata kilometa 10. Hapana kilima wala motokaa. Hata hivyo barabara hiyo haidumu: kila siku hufunguliwa mara mbili na kufungwa mara mbili.

Mchanga mkavu na mchanga wenye maji

Chembe za mchanga mkavu hazishikani. Gurudumu likizikandamiza, hukimbilia pembeni, na nguvu za mpandaji hupotea katika kuchimba mfereji. Mchanga ukiwa na unyevu kiasi, utando mwembamba wa maji hukaa kati ya chembe na chembe, na mvutano wa uso wa maji huzivuta pamoja. Ndiyo sababu watoto huweza kujenga vijumba kwa mchanga wenye unyevu, lakini si kwa mchanga mkavu.

Jambo la pili lilielezwa na mwanasayansi Osborne Reynolds wa Uingereza mwaka 1885. Mtu akikanyaga mchanga uliolowa pwani, mahali pauzungukapo unyayo hubadilika ghafla na kuonekana pakavu. Reynolds alieleza kwamba chembe zilizopangika kwa kubanana haziwezi kusogea bila kwanza kuachana kidogo. Nafasi kati yao huongezeka, maji ya juu hufyonzwa kwenda chini kuzijaza, na mvuto huo huufanya mchanga uwe mgumu kwa muda. Ni sadfa ya kupendeza kwamba mwaka uo huo wa 1885 J. K. Starley alitoa baiskeli yake ya Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ambayo ndiyo mzazi wa baiskeli tulizo nazo leo.

Udongo wa mbuga haufuati kanuni hiyo. Chembe zake ni ndogo mno na bapa, nazo hupokea maji hata katikati ya tabaka zake. Hapo udongo huvimba, hulainika na kunata.

Hata pwani maji yakizidi huharibu. Mahali maji yanapobubujika kutoka chini, au kijito kinapokatiza kwenda baharini, chembe huinuliwa na maji yenyewe na gurudumu huzama. Njia bora ni ile ya mchanga uliolowa na kutulia, usio na maji yaliyosimama juu yake.

Mpandaji aweza pia kusaidiwa na tairi. Mzigo wa kilo 80, yaani mtu na baiskeli yake, juu ya tairi zilizojazwa upepo wa kilo 2 kwa sentimeta ya mraba, hugusa ardhi kwa eneo la karibu sentimeta za mraba 40. Upepo ukipunguzwa hadi kilo 1, eneo hilo hukaribia 80, na gurudumu huzama kidogo zaidi. Lakini asisahau kuurudisha upepo afikapo barabarani, maana tairi laini huchosha na ukingo wa jiwe huweza kuikata.

Saa ya bahari

Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na nyakati zake huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa kuufuata mwezi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, ambapo maji hupwa mno na kujaa mno. Tofauti yake Unguja hufikia kiasi cha mita 4. Kati ya nyakati hizo huja maji mafu, yenye tofauti ndogo. Siku za bamvua maji ya kupwa huangukia karibu na saa 4 asubuhi, na ndizo siku ambazo wanawake wa vijiji hivi hushuka kwa wingi kwenye mashamba yao ya mwani.

Hatari imo katika namna maji yanavyorudi, kwani hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawanya kima chote katika mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Tuseme kima ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimeta 30 tu, lakini saa ya tatu yatapanda sentimeta 90. Katika ufuko wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, sentimeta hizo 90 humaanisha kwamba ukingo wa maji umesogea mita 45 kuelekea kwa mpandaji.

Mwandishi wa makala hii aliyajua hayo kwa hesabu kabla ya kuyajua kwa miguu. Alipofika huko mara ya kwanza aliondoka Bwejuu kuelekea kusini wakati maji yamekwisha kupwa. Baada ya saa nzima bahari ilionekana kama imelala, naye akaendelea. Mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani na furushi la mwani kichwani alimwambia, "Baba, rejea sasa. Maji yameshaanza." Hakuona dalili yoyote, ila aliona aibu kubishana na mtu mzima, akageuza. Alipokaribia Bwejuu mawimbi yalikuwa yakipiga ukuta mmoja alioupita asubuhi kwa mbali, na kipande cha mwisho alikipita baiskeli ikiwa begani, kama kijana wa Somanda aliyekutwa na mvua mbugani.

Upepo

Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi ya hewa inayompata mpandaji. Aendeshaye kilometa 12 kwa saa bila upepo, akikabiliwa na upepo wa kilometa 18 kwa saa, hupatwa na hewa ya kilometa 30 kwa saa. Ukinzani wake huwa zaidi ya mara 6. Kwa hiyo msimu wa kusi, upepo utokapo kusini-mashariki, ni vema kuanzia Bwejuu kwenda kusini wakati nguvu zingali mpya, na kurudi upepo ukiwa mgongoni. Wakati wa kaskazi mpango huo ugeuzwe, safari ianzie Jambiani.

Mambo ya kushika

Yafaa kuondoka saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na kuwa umegeuza kabla ya saa moja kupita baada yake. Aidha, maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji baridi, na kwa sababu hiyo huharakisha kutu. Baiskeli ioshwe kwa maji baridi siku ile ile, ikaushwe, na mnyororo utiwe mafuta.

Ratiba za maji huchapishwa, na hesabu zake ni nzuri. Lakini haziujui ukuta uliojengwa mwaka jana wala kijito kilichohama njia. Hayo yanajulikana na wanaoshuka pwani kila bamvua, na mgeni hana budi kuwauliza kabla hajapanda baiskeli.