Bahasha Tatu: Kupanga Pesa Kabla na Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzani

Ukiweza, shika daftari na kalamu. Leo kuna hesabu.

Mada yetu ya leo ni jambo ambalo wengi hulinong'ona tu: upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzani. Hatutaongea sana juu ya kisu. Tutaongea juu ya mfuko. Kwa nini? Kwa sababu kidonda cha upasuaji huu hupona kwa wiki chache, lakini deni laweza kukaa miaka. Tena kuna hatari kubwa kuliko deni. Mama anaweza kumaliza pesa zote siku ya upasuaji, akakosa za kununulia vidonge ambavyo mwili wake utavihitaji maisha yake yote.

Kwanza tuondoe aibu

Pengine umeambiwa, "Kwani si uache kula tu?" Mama, unene wa kupindukia ni ugonjwa. Si uvivu, wala si ulafi. Na si wako peke yako. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2008-09 ulipata kwamba wanawake 25 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa na uzani uliozidi. Utafiti wa 2014 ulipata wamefika 33. Unene huu huleta kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na matatizo ya kupumua usingizini.

Lakini si kila mama mnene anahitaji kupasuliwa. Madaktari hutumia kipimo cha uzani na urefu. Chukua uzani wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 110 mwenye urefu wa mita 1.6 atapata karibu 43. Mwongozo wa 2022 wa vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu unaupendekeza kwa aliyefikisha 35 na zaidi, na kusema ufikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari. Uamuzi ni wako pamoja na daktari. Usiamuliwe na rafiki, wala na tangazo.

Upasuaji wenyewe ni wa namna mbili hasa. Katika namna ya kwanza, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, karibu robo tatu au zaidi, na kubakisha mfuko mwembamba kama ndizi. Katika namna ya pili, hutengeneza mfuko mdogo kama yai na kuuunganisha na utumbo kwa njia ya mkato. Kwa zote mbili utakula kidogo sana. Na kwa sababu unakula kidogo, na katika njia ya mkato chakula hakifyonzwi kama zamani, mwili hupungukiwa na vitamini na madini. Hapo ndipo hesabu yetu inapoanzia.

Hebu gawa hesabu yako katika bahasha tatu. Zinaweza kuwa bahasha za karatasi, kurasa tatu za daftari, au akiba tatu kwenye simu. La muhimu ni zisichanganywe.

Bahasha ya kwanza: kabla

Wengi husahau bahasha hii. Kabla ya kupasuliwa utapimwa damu, moyo na tumbo. Utamwona mtaalamu wa lishe, na mara nyingi mshauri wa mambo ya moyoni. Kila siku ya kliniki ina nauli, na ina biashara iliyofungwa. Hospitali nyingi pia hukupa lishe maalum ya wiki mbili hivi ili ini lipungue ukubwa.

Andika pia nani atafanya kazi zako. Baada ya upasuaji hutainua mzigo mzito kwa wiki nne hadi sita. Hiyo ina maana hakuna mtungi wa maji, hakuna gunia la viazi, hakuna mtoto mzito mgongoni. Kama ni dada wa kukusaidia nyumbani, atalipwa. Kama ni shangazi kutoka mashambani, atahitaji nauli na chakula. Ukiuza mboga na usipofungua kibanda kwa mwezi mmoja, kodi ya kibanda bado itadaiwa. Yote haya yaingie daftarini.

Bahasha ya pili: siku yenyewe

Upasuaji huu hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi katika hospitali za kibinafsi. Sababu moja ni kwamba baadhi ya vifaa vya kukatia na kushonea tumbo hutumika kwa mgonjwa mmoja tu na kutupwa.

Ukitajiwa bei, usiseme "sawa" na kwenda kutafuta pesa. Uliza, na uombe majibu kwa maandishi:

1. Je, bei hii ina daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, dawa na kitanda?
2. Ni siku ngapi za kulazwa zimehesabiwa?
3. Mshono ukivuja, au nikihitaji chumba cha wagonjwa mahututi, nani atalipa?
4. Je, ziara za kliniki baadaye zimo, na ni ngapi?

Je, bima italipa? Usikisie, wala usichukue jibu la jirani. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina orodha ya huduma na viwango vyake. Utaje upasuaji huu kwa jina, na uulize kabla ya kulazwa. Kwa bima ya kibinafsi, soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Baadhi ya kampuni huuhesabu upasuaji huu kuwa urembo. Kama ni kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu, mwombe daktari aandike hivyo katika barua yake.

Jihadhari pia na bei rahisi mno. Baraza la madaktari, KMPDC, ndilo linalosajili madaktari na kutoa leseni kwa hospitali nchini. Hakikisha wote wawili wana leseni. Na kama unafikiria kwenda nje, kwa mfano India, hesabu nauli ya watu wawili, chakula na malazi. Kisha ujiulize: nikirudi nyumbani na tumbo liume usiku, nitampigia nani?

Sasa, pesa zitoke wapi? Linganisha. Ukikopa shilingi 100,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, na kila mwezi ukalipa riba peke yake, baada ya mwaka utakuwa umelipa 120,000. Na zile 100,000 bado unadaiwa! Ukikopa kiasi hicho kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi juu ya salio, kama zinavyotoa SACCO nyingi, na ukirudisha mkopo kwa sehemu 12 zilizo sawa, riba yote itakuwa 6,500. Ni pesa zile zile na mwaka ule ule. Tofauti ni mlango uliobisha.

Mikopo ya simu haifai kwa jambo hili. Ni midogo, ni ya muda mfupi, na mmoja hulipwa kwa kuchukua mwingine. Usiuze ng'ombe wa maziwa, wala cherehani, wala shamba linalowalisha watoto. Wala usifiche deni kwa mwenzako. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na kulipa peke yako kwa siri ni mzigo mzito kuliko uzani unaotaka kuuondoa. Kaeni chini nyumbani, mzungumze. Kama upasuaji unaweza kusubiri, chama chako kinaweza kukusaidia kuweka akiba kidogo kidogo. Huku ukingoja, tembea kila siku na upunguze sukari na mafuta. Hizo hazina bili.

Bahasha ya tatu: baada

Mama, hii ndiyo bahasha inayookoa maisha. Ndiyo sababu ya kipindi cha leo.

Baada ya upasuaji utameza vidonge vya vitamini na madini kila siku: mchanganyiko wa vitamini, chuma, kalsiamu, vitamini D na vitamini B12, ambayo wengine hupewa kwa sindano. Si kwa mwezi mmoja, wala kwa mwaka mmoja. Ni maisha yote. Ukiacha, hutahisi kitu kwa wiki, pengine kwa miezi. Kisha damu itapungua, mifupa itadhoofika, miguu ianze kufa ganzi. Madhara mengine ya mishipa ya fahamu hayarudi nyuma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi fanya hivi. Kabla hujakubali tarehe ya upasuaji, mwombe daktari orodha ya vidonge utakavyotumia. Nenda duka la dawa uulize bei ya mwezi mmoja. Tuseme, kwa mfano tu, ni shilingi 3,000. Hiyo ni shilingi 100 kila siku, na 36,000 kwa mwaka. Sasa jiulize kwa ukweli: je, mapato yangu yanaweza kutoa shilingi 100 kila siku, hata siku ya mvua, hata Januari karo za watoto zikidaiwa? Ukiona ni vigumu, usikate tamaa. Subiri. Jaza bahasha hii kwanza. Ushauri wetu ni huu: usiingie chumba cha upasuaji kabla pesa za miezi 12 ya vidonge na kliniki hazijawekwa kando.

Ongeza humo vipimo vya damu. Mwaka wa kwanza utaitwa kliniki mara kadhaa, na baadaye angalau mara moja kila mwaka.

Chakula je? Wengi hudhani bajeti ya chakula itashuka sana. Lakini watoto bado wanakula kama jana. Na sahani yako, ingawa ni ndogo, yataka protini kwanza. Habari njema ni kwamba protini si nyama pekee. Mayai, omena, maharagwe, ndengu, maziwa na mala vyote ni vyema. Wiki za kwanza ni vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vigumu, kama utakavyoelekezwa. Huna haja ya unga wa bei ghali uliotangazwa, isipokuwa mtaalamu wa lishe aseme.

Nguo zitakupwaya kila baada ya miezi michache. Usinunue kabati jipya. Mpelekee fundi apunguze, au nunua chache za mtumba, maana uzani huendelea kushuka mwaka mzima na zaidi. Nywele zikikatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, usikimbilie mafuta ya gharama. Kwa wengi hurudi. Mwambie tu daktari.

Dawa za kisukari na shinikizo la damu huenda zikapunguzwa, na hapo utaokoa pesa. Lakini usizihesabu pesa hizo mapema, na usiache dawa mwenyewe. Usinunue dukani dawa za maumivu kama ibuprofeni bila kuuliza. Kidonge cha shilingi chache chaweza kuleta kidonda cha tumbo, hasa kwa aliyefanyiwa njia ya mkato.

Na uzazi. Uzani ukipungua, mimba huweza kuingia upesi kuliko ulivyozoea. Madaktari hushauri ungoje miezi 12 hadi 18 ili wewe na mtoto mpate virutubisho vya kutosha. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi vizuri baada ya njia ya mkato. Uliza kuhusu sindano, kipandikizi au koili.

Mwisho, acha pesa kidogo za dharura na nauli ya usiku. Ukipata homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio, kutapika kusikokoma, kukosa pumzi au mguu kuvimba, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje mchango. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kwa hivyo mama, ukitajiwa bei ya upasuaji, kumbuka hiyo ni bahasha moja tu kati ya tatu. Watoto wako wanamhitaji mama mwenye afya. Wanahitaji pia mama ambaye hajauza kitanda chao. Ukipanga, unaweza kuwapa yote mawili.

Mpe salamu jirani yako, na umsimulie uliyoyasikia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni gharama gani za "baada" ambazo hukuwa umezifikiria kabla ya leo?
2. Chama chetu kinawezaje kumsaidia mwenzetu bila kumtia katika deni?
3. Tunawezaje kuacha kuwacheka kina mama wanene katika mtaa wetu?