Je, Wajua? Uso wa Dodoma Kabla ya Poda

Je, wajua kwamba fandesheni iliyotulia siku nzima Dar es Salaam inaweza kukatikakatika Dodoma kabla hata ya chai ya saa nne? TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, lakini watumishi wengi wa serikali walifungasha kweli baada ya 2016. Walihama na mafaili, watoto na mikoba ya mekapu. Mafaili yalifika salama. Mekapu, iliyozoea hewa ya bahari, ilijikuta mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari hiyo, mahali ambapo mvua ikikatika Aprili au Mei huisikii tena mpaka Novemba au Desemba. Upepo wa Julai na Agosti hunyonya unyevu wa kila kitu: nguo kambani, udongo shambani, shavu la mtu.

Fandesheni nyingi zina maji ndani yake. Zikipakwa juu ya ngozi kavu, maji hutoweka upesi na rangi hubaki imeng'ang'ania magamba madogo ya ngozi iliyokufa. Chukua kioo cha mkononi usogee dirishani: pembeni mwa pua na chini ya mdomo utaiona rangi imejikusanya vipande vipande, na katikati ya vipande kuna vijistari. Chanzo chake ni kile kile cha miguu kupauka. Magamba yakiinuka hutawanya mwanga, na kwenye ngozi nyeusi mtawanyiko huo huonekana kama jivu. Wazungu nao hupauka, ila wao hawagunduliki haraka.

Je, wajua kwamba mafuta peke yake hayalainishi ngozi? Wengi wetu tumelelewa kuamini kinyume chake. Mwaka 1952 mtafiti wa Kimarekani, Irvin Blank, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa vipande vya sugu, ile ngozi ngumu ya nyayoni. Vikikauka vilikuwa vikavu vya kuvunjika, na hata vilipolowekwa kwenye mafuta havikulainika. Kilichovilainisha ni maji. Kazi ya mafuta ni kufunga mlango ili maji yaliyomo yasitoke, na ukifunga mlango wa nyumba isiyo na mtu hujamhifadhi yeyote.

Hapo ndipo mpangilio wa asubuhi unapojulikana. Nawa uso, ufute kwa kugusagusa tu taulo bila kusugua, na ungali na umande upake losheni yako, kisha mafuta kidogo sana juu yake. Kaa kama dakika kumi, unywe chai. Praima na fandesheni ndizo za mwisho. Ukisubiri uso ukauke kabisa ndipo upake, umekwisha kupoteza ulichotaka kukifungia. Gliserini, ile inayouzwa katika chupa ndogo kwenye maduka ya dawa, huvuta maji popote iyapatapo. Kwenye hewa ya Tanga itayapata hewani. Hapa Dodoma mwezi wa Agosti hewani hayapo, kwa hiyo ukiipaka tupu kwenye uso mkavu huenda ikayavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe. Ichanganye na maji ya waridi.

Mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, hufunga mlango huo kuliko karibu kila kitu kingine dukani. Lakini fandesheni huteleza juu yake. Yapake usiku wa kuamkia shughuli.

Je, wajua kwamba mafuta ya alizeti, yale yanayopangwa kwenye madumu kando ya barabara ya Singida, yamewahi kuyashinda mafuta ya zeituni katika maabara? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha utafiti ambamo waliwapaka watu wazima mafuta hayo mikononi kwa wiki kadhaa. Zeituni, yenye sifa nyingi na bei kubwa, ilidhoofisha ukuta wa ngozi na kuleta wekundu kidogo. Alizeti iliuacha ukuta ukiwa mzima na kuongeza unyevu. Sababu inayotajwa ni asidi ya linoleiki, ambayo alizeti inayo kwa wingi na ngozi huitumia kujenga ukuta wake. Tahadhari yangu ni kuhusu hayo madumu yenyewe: mafuta yaliyoshinda juani huchacha. Ya usoni yatoke kwenye chupa iliyokaa kivulini.

Maji yenyewe ya kunawia yana vituko. Sehemu kubwa ya jiji imezoea maji ya visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na yanayotoka ardhini humu huja na madini yake. Funua birika lililotumika miezi michache: chini kuna ukoko mweupe, mgumu, unaobanduka kwa kisu. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni ya kipande huzaa utandu usioyeyuka, ule unaoganda pembeni mwa beseni, na utandu huo hubaki usoni pia. Pitisha kidole shavuni baada ya kunawa. Kama kinakwama badala ya kuteleza, umeupata. Mwaka 2018 watafiti wa Sheffield na King's College London walionyesha kwamba maji magumu huacha masalia mengi zaidi ya dawa ya povu kwenye ngozi, na masalia hayo huiwasha. Dawa hiyo imo katika sabuni nyingi za maji za kunawia. Tiba ya bei nafuu ni kusuuzia uso mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kutulia, kwa sababu sehemu ya chokaa imeshabaki birikani. Maji ya mvua ni bora zaidi, kama pipa lako bado linayo.

Sasa geuza chupa ya fandesheni usome maandishi madogo ya nyuma. Aghalabu utakuta CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo ni oksidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Ile nyekundu ndiyo inayoupa udongo wa Ugogo rangi yake, na ndiyo iliyochora twiga na watu wembamba kwenye miamba ya Kolo, huko Kondoa, michoro iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Ugogo na misafara ya pembe za ndovu waliwaeleza Wagogo waliojipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Tofauti ya mchanganyiko ule na fandesheni ya leo ni kinu cha kusagia na bei. Pengine wale wazee walikuwa wakijikinga pia, maana oksidi za chuma huzuia mwanga unaoonekana kwa macho, ambao ni mmoja wa wachochezi wa madoa meusi usoni. Mafuta ya jua ya kawaida, yasiyo na rangi, huuzuia kidogo mno.

Je, wajua kwamba jua hupita utosini kabisa mwa Dodoma mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba? Machi mara nyingi kuna mawingu ya masika. Oktoba hakuna cha kulizuia. Mionzi mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo Dodoma haiizidi Dar kwa ubaridi wa asubuhi tu. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1979 uliikadiria kuwa sawa na mafuta ya jua ya SPF 13 hivi. Inasaidia, haitoshi. Kwa watu wenye ualbino, ambao Tanzania wanakadiriwa kuwa mmoja katika kila watu 1,400, mafuta ya jua ni suala la uhai, na ndiyo maana katika hospitali ya KCMC kule Moshi hutengenezwa mafuta maalumu kwa ajili yao.

Limau la kukata mafuta usoni liache jikoni. Uchachu wake ni mkali mara mamia kuliko wa ngozi, na likikutana na jua linaweza kuacha doa la wiki nyingi. Skrabu ya manjano fanya siku mbili tatu kabla ya shughuli. Mkorogo ndio adui mkubwa wa mpambaji: haidrokwinoni na steroidi huacha ngozi imechoka au imekonda, ikiwashwa hata na praima ya kawaida. Zebaki nayo imefungiwa njia. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliafikiana Geneva mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025.

Na kwa bibi harusi wa sendofu ya saa moja usiku: acha mafuta ya jua nyumbani. Jua limeshazama, na zinki iliyomo katika baadhi yake humrudishia mpiga picha mwanga wa flashi, ukatoka kwenye albamu na uso mweupe juu ya shingo nyeusi.