Kampala ya kale haionekani juu ya bodaboda

Watalii wengi wanaotua Entebbe huipa Kampala usiku mmoja tu. Alfajiri gari linawachukua kwenda Bwindi kuwaona sokwe wa milimani, na Kampala inabaki katika kumbukumbu zao kama foleni, vumbi jekundu na honi. Foleni ipo, sikatai. Lakini huu ni mji wa kifalme, na anayeuhukumu kupitia dirisha la gari anauonea.

Kosa si la mgeni peke yake. Kampala haiuoneshi uzee wake waziwazi. Xi'an, huko Uchina, ina ukuta wa karibu kilomita 14 unaouzunguka mji wa kale. Ukivuka lango unajua umeingia wapi. Lamu ina vichochoro vyake, Unguja ina Mji Mkongwe. Waganda walijenga kwa matete, miti na nyasi, na Kabaka mpya, yaani mfalme wa Buganda, aliweza kuihamishia ikulu kilima kingine. Kilichodumu ni vilima vyenyewe, barabara zinazoviunganisha, na kazi ambazo koo zilirithishana. Vitu hivyo vinataka mguu na subira.

Anzia Old Kampala, kilima ambapo Mwingereza Kapteni Frederick Lugard alijenga ngome yake mwishoni mwa 1890. Leo pana Msikiti wa Taifa, uliomaliziwa kwa fedha za Libya. Mnara wake una ngazi zaidi ya 300 na magoti yatalalamika, ila ukifika juu utaelewa vita vya Mengo vya Januari 1892 vizuri zaidi kuliko ukisoma vitabu vitatu. Mengo ya Kabaka Mwanga ile pale. Namirembe ya Waprotestanti iko jirani yake, Rubaga ya Wakatoliki inaitazama kutoka upande wa pili. Makundi mawili ya Wakristo yalipopigana, Lugard aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim, na Mwanga akakimbilia ziwani. Yote hayo yalitokea kwenye eneo ambalo mtu mzima mwenye afya analizunguka kwa miguu kati ya chai na chakula cha mchana.

Namirembe hapahitaji maneno mengi. Kanisa la awali liliungua kwa radi mwaka 1910, na hili la matofali mekundu lilikamilika 1919. Pita makaburini, alipozikwa daktari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, kisha teremka.

Mengo ndipo pa kupunguza mwendo. Barabara ya Kabaka Anjagala imenyooka kutoka Bulange, lilipo bunge la Buganda, hadi lango la Lubiri, yaani ikulu. Katikati kuna mzunguko wa magari, na ndani ya mzunguko huo pana njia yenye geti. Sisi wengine tunazunguka. Kabaka hakunji kona, hufunguliwa geti akapita moja kwa moja. Nimewaona watu wakipita hapo kwa bodaboda bila hata kugeuza shingo.

Ndani ya Lubiri hali ni nyingine. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Rais Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliivamia ikulu, na Kabaka Mutesa II akatorokea uhamishoni. Baadaye, Amin alipotawala, vyumba vya zege vilivyochimbwa chini ya kilima viligeuzwa mahabusu ya mateso. Ukiingia humo, acha kupiga picha za kujionesha.

Njaa ikikushika, ulizia luwombo. Jani la mgomba linapitishwa kwenye moto lilainike, linatiwa kuku au nyama na mchuzi wa karanga, linafungwa na kupikwa kwa mvuke saa kadhaa. Anayekuletea ndani ya dakika tano bila shaka alianza kupika asubuhi. Neno moja kwa msemaji wa Kiswahili: usianze na Kiswahili. Lugha yetu iliingia Buganda na wafanyabiashara wa pwani katika miaka ya 1840, lakini baadaye wengi waliisikia midomoni mwa askari, na wazee hawajasahau. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 ifundishwe kwa lazima shuleni, jambo jema. Hata hivyo, sema kwanza "Mulimutya, ssebo", au "nnyabo" kwa mama, ndipo uulize njia. Utaelekezwa, pengine hata kusindikizwa.

Kasubi, makaburi ya kifalme, itengee siku yake. Mutesa I aliijenga kama ikulu mwaka 1882, akazikwa humo miaka miwili baadaye, na makabaka watatu waliomfuata wamelazwa hapo pia. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ina paa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi, na ndani yake duara 52 za matete, kwa hesabu ya koo za Buganda. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Nyuma ya pazia la magome ya mti wa mutuba kuna sehemu iitwayo msitu: Kabaka hasemwi kuwa amekufa, ameingia msituni.

Tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea. UNESCO, iliyoitambua mwaka 2001, iliiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ikaiondoa humo Septemba 2023. Kuna waliolalamika kwamba miaka 13 ni mingi mno kwa nyumba ya nyasi. Lakini nyasi zile zina wenyewe, na miiko yake haiwezi kufupishwa kwa zabuni ya serikali.

Basi unayepanga safari ya Bwindi, sokwe hawatahama. Ongeza siku tatu Kampala, vaa viatu vinavyoshika udongo wa mvua, na kina mama wabebe kanga ya kujifunga Kasubi. Bodaboda wakikuita, washukuru, uendelee kutembea.