Ua la Molo, Kunguni wa Kibera

Wachuuzi wa dawa za wadudu hupita vichochoro vya Kawangware na Kibera, jijini Nairobi, na vipaza sauti vyao: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya. Mzazi mwenye watoto wadogo huuliza kwanza kabla ya kutoa pesa: hii ni ya asili ama ni kemikali? Ana haki ya kuuliza. Ila jibu la swali hilo halitamwambia kama watoto watalala, na kwa nini haliwezi, hilo linaelezwa vizuri zaidi na pareto, zao ambalo kwa miaka mingi Kenya iliuza kuliko nchi yoyote duniani.

Pareto ni ua jeupe lenye kitovu cha njano. Liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, likapenda baridi ya Molo, Nyandarua na Kisii. Sumu yake haimo katika zile petali nyeupe. Imo kitovuni, kwenye vijitunda vyembamba vinavyobeba mbegu. Juu ya ngozi ya kila kijitunda kuna tezi ndogo mno, haziwezi kuonekana bila hadubini, na kazi yao ni kuunda nusu moja ya sumu, ambayo ni asidi. Nusu ya pili ni alkoholi, nayo huundwa ndani ya kijitunda chenyewe kutokana na mafuta ya mmea. Asidi husafiri kutoka kwenye tezi hadi ndani, kimeng'enya kikaziunganisha hizo mbili, na pirethrini ikapatikana. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba pirethrini hiyo hufyonzwa na mbegu inayokomaa, hata mche unapochipuka udongoni huwa tayari una kinga yake. Mmea ulikuwa unalinda uzao wake. Sisi tulikuja baadaye tukaomba sehemu.

Kiwandani, maua hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa kwenye kiyeyusho kinachovuta pirethrini nje. Kilo mia moja za maua makavu hutoa kilo moja au mbili hivi za pirethrini. Tena jua huivunja upesi, ndani ya saa chache. Hiyo ni heri kwa udongo na mboga, lakini ni hasara kwa anayetaka kinga ya muda mrefu.

Wanakemia waliliona pengo hilo. Staudinger na Ruzicka walichapisha umbo la molekuli hiyo mwaka 1924, ingawa walikosea sehemu kadhaa zilizosahihishwa na wengine. Mwaka 1949 Wamarekani Schechter na LaForge wakatangaza alethrini, ndugu wa kwanza wa pirethrini aliyetengenezwa maabara. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, wakatoa permethrini, inayostahimili jua. Permethrini na deltamethrini ndizo zilizotiwa kwenye nyuzi za vyandarua vingi. Hata ile dawa ya mbu ya kuchoma, iliyobuniwa Japani kwa unga wa pareto, siku hizi mara nyingi hubeba alethrini au jamaa zake. Huku kwetu wakulima walikaa miaka bila kulipwa, wakang'oa pareto wakapanda viazi, na Tasmania ikachukua soko. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa turudi kwa kunguni. Neva za mdudu zina milango midogo ya kupitisha chembe za sodiamu. Hufunguka na kufungwa kila ujumbe unapopita. Pirethrini huushikilia mlango usifungwe. Neva inapiga kelele bila kukoma, mdudu anatetemeka, anaanguka. Permethrini hushika mlango uleule. Ndiyo maana kunguni ambao mlango wao umebadilika kidogo kutokana na jeni zao huweza kuhimili dawa ya maabara na ya ua kwa pamoja. Kunguni wa namna hiyo wameenea duniani. Ukinyunyizia ya kemikali wasife, kuhamia ya asili yenye pirethrini huenda kukapoteza pesa bure. Wala asili si sawa na usalama: pirethrini ya ua huua samaki, kama permethrini inavyoua samaki na kudhuru paka.

Kwa hiyo soma lebo. Tafuta jina la kiambato, kiasi chake, na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu. Chupa ya maji iliyojazwa dawa isiyo na jina inaweza kuwa na sumu ya shambani, na chumba cha futi kumi kwa kumi hakina pa kuikimbia.

Kuna kitu kimoja ambacho mabadiliko ya mlango ule hayawezi kukizuia: joto. Nyuzi 50 za Selsiasi, zikidumu kwa muda, huua kunguni na mayai yake. Chemsha shuka na nguo, mwaga maji yanayotokota kwenye viungo vya kitanda, ziba nyufa za ukuta wa udongo. Mayai yanayobaki huanguliwa baada ya wiki moja au mbili, hivyo kazi irudiwe. Na afadhali wapangaji wa ploti nzima waifanye siku moja, maana kunguni hupenya kwenye ukuta wa mabati kutoka chumba hadi chumba.