Songwe ipi? Njia ya Kyela na vibao visivyotosheleza

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Ikolo, wilayani Kyela, hahitaji kuwa mjuzi wa ramani. Huifuata barabara kuu ya Tunduma hadi Uyole, kabla ya kufika katikati ya Jiji la Mbeya. Hapo hukata kushoto, akapita Kiwira na Tukuyu, akateremka hadi Ibanda, akaiacha njia ya mpakani na kuelekea Kyela mjini, kisha akaingia barabara za wilaya. Maelezo hayo ni mepesi. Ugumu huanza pale anapotajiwa neno moja tu: Songwe.

Jina hilo lina asili ya mito miwili tofauti. Mmoja humwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Wa pili hupita mpakani mwa Tanzania na Malawi na kuishia Ziwa Nyasa. Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, uko magharibi ya Jiji la Mbeya, lakini ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2016 ukaanzishwa Mkoa wa Songwe, makao makuu yake Vwawa, na ndani yake imo Wilaya ya Songwe na mji wa Tunduma, lango la kuingilia Zambia. Kyela ikabaki Mkoa wa Mbeya, nayo ina kata iitwayo Katumba Songwe. Tena, kituo cha mpakani ambacho sisi hukiita Kasumulu, wenzetu wa Malawi upande wao hukiita Songwe.

Basi aliyeambiwa afike "mpaka wa Songwe" anaweza kuipita Uyole bila wasiwasi na kujikuta Tunduma, zaidi ya kilomita 100 mbele. Atakuwa amefika mpakani, tena katika Mkoa wa Songwe. Ila mbele yake ni Zambia, si Malawi.

Wala si Songwe peke yake. Kiwira ni mji mdogo wilayani Rungwe kando ya barabara kuu. Ni mgodi wa makaa ya mawe. Na ni bandari ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela. Katumba nyingine iko Rungwe, kwenye mashamba ya chai. Hata tahajia hutofautiana: mahali pamoja utasoma Kasumulu, pengine Kasumulo.

Wenyeji hawataabiki na haya, kwa kuwa njia wanaijua tangu utotoni. Lakini kibao hakiwekwi kwa ajili ya mwenyeji. Huwekwa kwa ajili ya mgeni, na mgeni huyo mara nyingi ana haraka. Fikirini msiba. Desturi yetu ni kumsitiri maiti mapema. Kijana aliyeendesha gari usiku kucha ili amzike mzazi wake, akipotea saa tatu kwa kukosa kibao kinachoeleweka, atakuta watu wamekwisha kutawanyika makaburini. Hasara hiyo hailipiki.

Kuna njia ya kupunguza mkanganyiko. Malawi huitambulisha barabara yake kuu kwa namba: M1 huanza mpakani Songwe na kufika Marka, kusini kabisa mwa nchi. Kwetu pia barabara kuu zina namba, na ile ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni T1; lakini kwa mazoea abiria na dereva huelekezana kwa majina. Madhali majina ndiyo yanayotumika, yanahitaji nidhamu. Jina lililoandikwa kwenye njia panda ya kwanza liendelee kuandikwa hadi ya mwisho, kwa tahajia ile ile. Jina linaloshirikiwa lifuatwe na maelezo: "Kasumulu, Mpaka wa Malawi", "Tunduma, Mpaka wa Zambia", "Bandari ya Kiwira, Kyela". Na kila kibao kitaje kilomita zilizobaki.

Jukumu hili limegawanyika. Barabara kuu na za mkoa zimo mikononi mwa TANROADS. Za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Anayekwenda Ikolo huanza safari katika barabara za taasisi moja na kuimaliza katika za nyingine, na kwake yeye safari ni moja. Bodi ya Barabara ya Mkoa huwakutanisha wote wawili pamoja na wawakilishi wa wananchi. Hapo ndipo diwani na mbunge wanapopaswa kuulizwa: vibao vya pande zote mbili vinazungumza lugha moja?

Kuondoa udhia njiani ni sadaka, na udhia si jiwe na mwiba tu. Kumwacha msafiri katika njia panda bila kujua aelekee wapi ni udhia pia. Wakati taasisi zikitimiza wajibu wao, kila familia inaweza kuanza na ujumbe wake wa harusi au wa msiba: "Mkoa wa Mbeya, Wilaya ya Kyela, Kata ya Ikolo. Ukifika Uyole kata kushoto, njia ya Tukuyu. Ukifika Ibanda fuata njia ya Kyela mjini, usiende mpakani."